Kobe na Makufuli Matatu

Inspekta alifika kwa Fundi Kufuli kwa miguu, ingawa kituo kilikuwa na gari, na siku hiyo, ajabu ya Mungu, gari lilikuwa na mafuta. Mwendo wake ulikuwa mmoja, awe anafuata mwizi au anafuata chai, na wenzake kituoni walimbatiza Bi Taratibu. Mwanzoni jina lilimkera. Baadaye akaona kwamba wanaokwenda mbio ndio wanaorudi kuuliza swali walilosahau, akaliacha limkae.

Duka lilikuwa dogo, limeshiba vyuma. Makufuli yalining'inia ukutani kwa safu, makubwa ya maghala juu, madogo ya masanduku chini. Nyuma ya kaunta alisimama Fundi mwenyewe, mtu mpana mwenye mikono ya grisi na uso wa mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Karibu na mlango, juu ya kreti lililopinduliwa, aliketi shemeji yake, kaka wa mke wake, aliyefanya naye kazi meza moja tangu mwaka ule wa harusi. Aproni ya shemeji ilikuwa imekunjwa juu ya meza hiyo, na juu ya aproni kulikuwa na funguo tatu kwenye pete moja.

"Afande, kobe wangu ameibwa," alisema Fundi. "Na mwizi si wa kumtafuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo hapo."

"Habari za mchana," alisema Inspekta.

"Eh... nzuri, afande. Samahani."

"Haya. Sasa anzia mwanzo. Kobe yupi?"

Kobe aliitwa Babu. Alikuwa wa marehemu baba yake Fundi, na kibali chake cha kufugwa kilikuwa ndani ya fremu, ukutani, bega kwa bega na picha ya marehemu. Babu alikula majani, akaota jua, akamtazama Fundi akikua, akioa, akinenepa. Lakini wiki hizi za karibuni alibadilika. Chakula alikigusa na kukiacha. Alizunguka ua mzima asubuhi mpaka alasiri, akasimama, akaparua chini, akaanza tena kuzunguka.

"Anataka kutoroka," alisema Fundi. "Nilishamshuku zamani. Ndiyo maana mwezi uliopita nilimwaga saruji ua wote, asipate pa kuchimba. Bado anaparua! Nikasema basi, leo asubuhi natoboa tundu dogo ukingoni mwa gamba, napitisha mnyororo, natia kufuli. Kobe ana kufuli lake, mimi nina usingizi wangu. Nimekwenda kufungua kibanda, makufuli matatu yote yamefungwa vizuri, ndani hakuna kitu."

"Hayakuvunjwa?"

"Hayana hata mkwaruzo! Na nimeyatengeneza kwa mikono hii." Aliinua mikono ili ionekane. "Kama mtu wa nje ameyafungua bila ufunguo, nani atanunua kufuli kwangu tena? Funguo zipo seti mbili. Moja ninayo mimi. Nyingine ile pale, juu ya aproni. Nimemwambia shemeji: nikishusha shata jioni hii, ama kobe amerudi ama wewe umeondoka."

Sauti ya kike ilitoka ukumbini, nyuma ya duka. "Na ukimwondoa kaka yangu, hiyo shata ishushe na mimi nikiwa upande wake!"

Fundi alikohoa. Alikuwa bingwa wa kufunga kila kitu isipokuwa mdomo wa mke wake, na wala hakuwahi kujaribu.

Inspekta aliuvuta ule mlango wa duka, akauacha, akautazama ukijirudi. Kisha akachuchumaa mbele ya shemeji. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye macho mekundu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni na haukutoka hata alipomwamkia Inspekta.

"Mfukoni kuna nini, kaka?"

"Hakuna kitu, afande."

"Hakuna kitu huwa hakina sauti. Hicho kinalia."

Shemeji alishusha pumzi, akatoa kiganja. Ndani yake kulikuwa na ncha za drili, nyembamba na nene, zimefungwa kwa kipande cha kitambaa.

"Unaona!" Fundi aliruka. "Nimezitafuta asubuhi nzima! Mwizi wa drili ndiye mwizi wa kobe!"

"Mwizi wa drili ni mwizi wa drili," alisema Inspekta. "Endelea, kaka."

"Nilizichukua jana asubuhi. Nilimwambia shemeji asimtoboe yule mnyama, akasema gamba ni kama kucha, halina maumivu. Sikuwa na hakika, lakini roho ilikataa. Nikasema nikizificha atazitafuta, atakasirika, atasahau. Ndivyo alivyo. Lakini kobe sijamgusa, afande. Naapa."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Zahanati. Mlango wa chumba cha dawa uligoma kufunguka. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenituma. Niliporudi, ua ulikuwa umeshafungwa."

"Kweli?" Inspekta alimgeukia Fundi.

"Kweli," alisema Fundi kwa shingo upande. "Lakini usiku ni mrefu, na ufunguo anao."

"Basi twende tukauone huo usiku."

Mke wa Fundi aliwaongoza kupitia ukumbi hadi uani. Kuta zilikuwa ndefu, za matofali, hazina upenyo hata wa kupitisha kidole. Saruji mpya iling'aa juani hadi ikaumiza macho. Kwenye pembe yenye kivuli kulikuwa na kibanda cha mbao, kazi safi kabisa, na mlangoni makufuli matatu yaliyopangwa kama vifungo vya koti.

Fundi aliyafungua. Inspekta alipiga magoti, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu kiasi kwamba mke wa Fundi alimuuliza kama amekwama.

"Nani anatandika haya majani makavu?"

"Mama," alijibu mke wa Fundi. "Mama mkwe wangu. Kila siku baada ya chakula cha mchana anafagia, anatandika mapya, anabadilisha maji. Jioni ndiye anayemlaza."

"Na leo?"

"Leo hakuna aliyegusa. Mama hayupo, amekwenda kwa mdogo wake kupumzika. Tena hatujamwambia neno. Ana presha, na kobe huyu ni wa marehemu mumewe. Nimekataza mtu yeyote asimpigie simu."

Inspekta aliweka kiganja juu ya majani, akakandamiza, akainua. Palipoguswa palibonyea, na alama ikabaki.

"Babu ana uzito gani?"

"Mzito, afande. Kama matofali mawili," alisema Fundi.

"Matofali mawili yamelala hapa, na majani yamebaki yamefutuka kama nywele za mtu aliyetoka kuoga? Maji yamejaa hadi ukingoni. Hakuna kinyesi, hata punje. Fundi, usiku wa jana hapa hapakulala mtu."

"Haiwezekani. Nilifunga mwenyewe."

"Ulimwona?"

"Nani?"

"Babu. Ulipofunga, ulimwona kwa macho?"

Fundi alitazama kibanda, akatazama makufuli, akamtazama mke wake apate msaada, na mke wake akaangalia mawingu.

"Niliyaona makufuli," alisema mwishowe. "Niliyavuta moja moja. Yalishika."

"Yalishika vizuri sana," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa na kejeli nyingi. "Ulifunga kibanda kitupu. Kama Babu hakuwemo jioni, funguo za usiku hazina la kujibu. Na jana alasiri huyu kaka alikuwa zahanati, kwa amri yako."

Shemeji, aliyewafuata hadi mlango wa ua, aliegemea fremu ya mlango na kujifuta uso kwa mkono wa shati. Dada yake alimshika bega. Fundi aliona, akajikuna kisogo.

"Usiniangalie hivyo," alimwambia mkewe. "Kobe bado hayupo."

Hilo lilikuwa kweli. Inspekta alisimama, akapangusa magoti, akaanza kuzunguka ua kama alivyozunguka Babu. Chini ya ukuta hapakuwa na alama. Aliukagua ukuta wote, upande hadi upande. Kisha akaja katikati, mahali jua linapopiga kuliko pengine, akachuchumaa. Hapo saruji ilikuwa imeparurwa. Mistari myeupe, mifupi, iliyopinda, ilikaa kwa jozi, kushoto na kulia, na mbele yake, penye vumbi, kulikuwa na alama pana ya tumbo lililotulia.

"Fundi, wewe ukitaka kutoroka jela, unachimba wapi?"

"Chini ya ukuta."

"Huchimbi katikati ya ukumbi?"

"Nitatokea wapi?"

"Ndilo ninalojiuliza." Alitoa simu, akampigia daktari wa mifugo aliyewahi kumsaidia katika kesi ya mbuzi wa ushahidi, akaweka sauti wote wasikie. Alieleza bila kupamba: kobe wa nchi kavu, mkubwa, hataki chakula, anazunguka, anaparua katikati ya ua wa saruji, na alama za kucha ziko nyuma ya alama ya tumbo.

"Nyuma ya tumbo?" sauti ya daktari ilibadilika. "Anachimba kwa miguu ya nyuma?"

"Naona hivyo."

"Kobe anayetafuta pa kujificha huchimba kwa ya mbele. Niambieni, tumbo lake limebonyea au ni bapa?"

"Bapa," alisema mke wa Fundi. "Kama sinia. Huwa namwinua Babu, mama akifagia."

"Basi huyo ni jike, na ana mayai. Msishangae, kobe jike huweza kutaga hata bila dume, ila hayataanguliwa. Lakini anahitaji udongo laini wa kuchimba. Akikosa, mayai yanaweza kukwama ndani yakamuua. Ana udongo hapo?"

Wote walitazama chini. Saruji iliendelea kung'aa.

"Na daktari," alisema Inspekta, "mtu akitoboa gamba apitishe mnyororo?"

"Atakuwa ametoboa mfupa wa kiumbe hai, wenye damu na hisia. Nani huyo?"

"Hakuna. Ameshaghairi."

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo, ameshika tama. "Babu," alisema polepole. "Babu ni... Baba alimwita Babu maisha yake yote."

"Baba yako alikuwa fundi kufuli," alisema mke wake. "Hakuwa mkunga."

Inspekta aligeuka. "Mkunga?"

"Eh. Mama mkwe wangu ndiye mkunga. Amestaafu, lakini mji mzima bado unamwita Mama Mkunga."

Inspekta alirudi ukumbini, akawasha taa, akatembea akiangalia chini, kando ya ukuta. Karibu na mlango wa kutokea alipata alichokitafuta bila kujua atakipata: vipande viwili vya ua jekundu, vimekauka, kimoja kimekatwa nusu duara safi, kama kilichoumwa. Alifungua mlango wa mbele. Nje, pembeni ya ngazi, kichaka cha maua mekundu kilikuwa kimechanua.

"Babu anapenda haya?"

"Anayaota usingizini," alisema shemeji. "Ukiweka moja mbele yake, anakufuata hadi msikitini."

"Jana hapa ukutani kiliwekwa nini?"

Mke wa Fundi alifikiri. "Kikapu cha mama. Kile kikubwa. Alikilaza ubavu akisema anakipanga vizuri, akanituma nikamtafutie kanga ya kukifunika. Niliporudi kilikuwa kimesimama, kimefunikwa kwa mtandio wake."

"Na nani alikitoa nje?"

Mke wa Fundi alimgeukia mumewe, na Inspekta, ambaye hakuwa na raha nyingi kazini, hakuwaharakisha.

"Mimi," alisema Fundi. "Nilishafunga ua. Mama alisema teksi imefika. Nikakibeba." Bila kujua, mkono wake ulikwenda kiunoni, ukakikanda. "Nilimwambia, mama, umebeba mawe? Akasema anampelekea mdogo wake viazi."

"Dada, gunia la viazi liko wapi?"

Mke wa Fundi alikwenda jikoni akarudi akiwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakitikisika. "Halijafunguliwa," alisema alipoweza. "Kamba yake ni ile ile ya dukani."

"Fundi," alisema Inspekta, "kesi yako ni nyepesi kuliko kikapu. Makufuli yako hayajafunguliwa na mwizi. Mlango uliufungua wewe, na mzigo uliubeba wewe. Shika funguo za gari lako, tumpelekee Mama Mkunga salamu."

Nyumba ya mama mdogo wake Fundi haikuwa mbali, ilikuwa na uzio wa mbao usio na nafasi na bustani ndogo nyuma. Mama Mkunga alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya matuta, miguu ameinyoosha, mwavuli mkononi. Mwavuli haukuwa umemfunika yeye. Ulimfunika Babu. Mbele ya Babu kulikuwa na sinia lenye maji kidogo, ya kufika magotini mwa kobe tu, na fungu la majani mabichi.

"Shh," alisema Mama Mkunga kabla hawajafika. "Msimshtue. Ameanza."

Wakasimama. Nyuma ya Babu kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo, yai jeupe, la mviringo, lenye umande. Mguu wa nyuma wa kobe ulishuka, ukalisogeza pembeni kwa upole ambao Fundi hakuutarajia kutoka kwenye mguu mnene kama ule. Likaja la pili. Fundi alijikuta ameshika mkono wa shemeji yake, na alipogundua, hakuuachia.

"Mama," alinong'ona, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mwache. Ukanijibu, mama, haya waachie mafundi. Nimeshika mikono ya wanawake maisha yangu yote, mwanangu. Anayezunguka chumba, chakula hataki, hatulii, huyo hatoroki kokote. Saa yake imefika. Wewe ukaleta drili."

"Ungeniambia tena."

"Asiyesikia la mkuu hubebeshwa kikapu," alisema Mama Mkunga, na mdogo wake, aliyekuwa akichungulia dirishani, akacheka hadi akakohoa. "Nilitaka azae kwanza, kisha nikupigie simu nikuaibishe kwa nafasi." Kisha akamwona Inspekta, akaona sare, na uso ukabadilika. "Polisi wa nini?"

Mke wa Fundi aliangalia viatu vyake. Fundi aliangalia matuta.

"Nilisema ameibwa," alisema Fundi.

"Na nani?"

"Nilisema... na shemeji."

Mama Mkunga hakupaza sauti, kwa sababu ya kobe. "Huyu? Aliyekuuguza ulipovunjika mkono, akafungua duka peke yake, jina likabaki lako?" Alitikisa kichwa. "Makufuli yote yale ukutani, na mtu wako mwenyewe ukamwacha nje. Mwambie. Mwambie mbele yangu."

Fundi aligeuka. Ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko sefu yoyote. "Shemeji, nimekukosea," alisema. "Nilijionea aibu ya makufuli yangu, nikaitupa kwako. Nisamehe. Zile funguo zichukue."

Shemeji alimtazama, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini funguo sizichukui leo. Nitazichukua siku ua utakapokuwa na udongo."

Majirani wa Fundi Kufuli bado wanaikumbuka jioni ile. Shata haikushuka. Badala yake ulisikika mlio wa nyundo kubwa uani, saruji mpya ikipasuliwa na mtu yule yule aliyeilipia, na Inspekta, aliyesema amepita tu, ameketi juu ya ndoo akinywa chai na kumwonyesha pa kupiga: nusu hii udongo, pale kivuli, ukuta uache ulivyo, kobe asichokiona nje hakimsumbui. Jua lilikuwa bado halijagusa paa, shemeji alipotoka dukani. Alikuwa amevaa aproni. Funguo tatu zilining'inia kiunoni, na begani alikuwa na nyundo ya pili.

"Bado udongo haujaonekana," alisema Fundi, akihema.

"Nimeuona ufa," alisema shemeji. "Unatosha kuanzia."

Inspekta alipita tena siku Babu aliporudishwa, kwa miguu, bila haraka. Aliwakuta wawili hao uani, wamesimama kwenye udongo uliolimwa, mbele ya kibanda. Kufuli lilikuwa limebaki moja. Shemeji alilitwaa, akanyoosha mkono kufunga.

"Ngoja," alisema Fundi.

Akapiga magoti kwa shida, mtu mpana vile, akalaza shavu chini hadi vumbi likamwingia puani, akachungulia gizani.

"Babu? Umo?"

Ndani kitu kizito kilijisogeza juu ya majani makavu.

"Yumo," alisema Fundi. "Funga, shemeji."